Filamu ya dakika 98 iko tayari: ianze sinema, kibandani au mtandaoni?

mtayarishaji_bukoto

Salaam wakubwa. Filamu yetu imekamilika: dakika 98, Kiganda kwa sehemu kubwa, Kiswahili kwenye matukio ya mpakani Busia, Kiingereza kidogo. Imepigwa 4K kwa fremu 25 kwa sekunde, isipokuwa picha za droni ambazo ni 29.97. Sauti ni stirio. Manukuu ya Kiingereza yamechomwa juu ya picha.

Wakala wa usambazaji anataka haki zote, dunia nzima, miaka 7, kwa kugawana mapato bila malipo ya awali. Anasema ataifikisha kwenye majukwaa makubwa ya mtandaoni. Kituo cha televisheni nacho kinaitaka mapema, na wenye vibanda vya video (kumbi ndogo za mtaani za kuonyesha filamu) wanauliza wataipata lini.

Tangu korona mpangilio wa kutoa filamu umevurugika kila mahali. Je, kwa hapa Uganda kuanza na sinema bado kuna maana? Faili la kupeleka kwenye jukwaa liwe na nini ili lisirudishwe? Na mkataba kama huu tuushike wapi?

---

soko_la_picha

Ndugu, nianze na mpangilio, maana huo ndio unaoamua mengine.

Kabla ya 2020 filamu ya Hollywood ilikaa kwenye majumba ya sinema siku 75 hadi 90 hivi kabla ya kuuzwa kwa watu wa nyumbani. Majumba yalipofungwa Machi 2020, ukuta huo ukabomoka. Julai mwaka huohuo studio ya Universal na AMC, wenye majumba ya sinema, walikubaliana siku 17. Mwaka 2021 Warner Bros. ilitoa filamu zake zote za mwaka huo nchini Marekani siku moja kwenye sinema na kwenye jukwaa lake la mtandaoni, HBO Max. Baadaye studio nyingi zilirudi kwenye siku 45 hivi.

Usizinakili namba hizo. Zilitokana na mvutano kati ya studio na wenye maelfu ya skrini. Sisi skrini zetu za Kampala zinahesabika. Sinema kwetu haileti fedha ya kurudisha bajeti. Inaleta jina: mahojiano ya redio, mabango, watu wanaoandika maoni yao, na hesabu ya tiketi utakayomwekea mnunuzi mezani. Wiki mbili au tatu zinatosha. Kabla ya onyesho lolote la hadhara, shughulikia kibali na uainishaji wa Media Council (baraza la habari), kisha iwasilishe Uganda Film Festival ya UCC (tume ya mawasiliano) kama kalenda inaruhusu. Mnunuzi wa nje anaitazama tuzo kabla hajaitazama trela.

Baada ya sinema, mimi ningepanga hivi. Kwanza mtazamaji alipie filamu hii peke yake kwa simu, wiki 6 hadi 8. Kisha televisheni ya kulipia. Kisha jukwaa la usajili wa mwezi. YouTube ya bure mwishoni kabisa. Ukitanguliza ya bure, hakuna wa kulipia tena, na mnunuzi wa televisheni akiikuta YouTube anaondoka bila hata kukujibu.

Sasa fedha. Wengi bado wanapanga bajeti kwa matumaini ya 2021, mwaka ambao filamu ya Uganda, The Girl in the Yellow Jumper ya Loukman Ali, iliingia Netflix kwa mara ya kwanza. Hali imebadilika. Netflix ilifunga mpango wake wa bure wa simu nchini Kenya Novemba 2023. Januari 2024 Amazon Prime Video ilisimamisha kutengeneza kazi zake mpya Afrika. Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuinunua MultiChoice, wenye DStv, na wanunuzi wawili wanapogeuka mmoja, bei haipandi. Yaliyobaki zaidi ni leseni za filamu zilizokwisha tengenezwa, kwa muda mfupi na nchi chache. Jukwaa la mtandaoni ni haki moja kati ya haki nyingi ulizonazo. Liuzie haki hiyo moja, nyingine ubaki nazo mkononi.

Halafu mfikirie mtazamaji wa Mbale au Masaka aliye na simu. Ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku iliondolewa Julai 2021, lakini nafasi yake ilichukuliwa na ushuru wa asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Kwa ubora wa HD, saa moja inaweza kula hadi GB 3. Filamu yako ingemla karibu GB 5, na hiyo ni gharama juu ya bei ya filamu yenyewe. Ukiuza mwenyewe kwa simu, tengeneza nakala ya 480p kwa kbps 800 za picha na 96 za sauti. Dakika 98 zinatoka na kama MB 660. Nakala ya 360p kwa kbps 500 na 64 inatoka MB 415 hivi. Ruhusu kupakua, ili mtu aishushe usiku kwa bando la usiku kisha atazame akitaka.

Kinachoharibika kwenye nakala hizo nyepesi ni matukio ya usiku. Giza lenye chembechembe za kamera linakula data yote, na uso wa mwigizaji unabaki vipandevipande. Ondoa chembechembe kabla ya kubana faili, na matukio ya usiku uyainue mwanga kidogo kwenye nakala ya simu pekee. Ile ya sinema usiiguse.

Malipo ya simu ya MoMo na Airtel Money yana tatizo moja linalojirudia: uthibitisho unachelewa, mteja anadhani hakulipa, anabonyeza tena, anakatwa mara mbili. Kila ombi la malipo lipewe namba yake ya pekee, na mfumo ukatae ombi la pili la simu hiyohiyo kwa filamu hiyohiyo mpaka la kwanza lijulikane limefaulu au limekufa. Ruhusa ya kutazama ifungwe kwenye namba ya simu, kwa saa 72. Saa 24 hazitoshi pale umeme au mtandao unapokatika katikati ya filamu.

---

fremu25

Nachukua upande wa picha.

Droni kwanza. Usiziburute tu picha za 29.97 kwenye taimlaini ya 25. Programu itatupa fremu moja katika kila sita, na droni inayopita juu ya ziwa taratibu itaonekana inakwaruzakwaruza. Mkaguzi wa jukwaa huliona hilo mara moja. Njia safi ni kuiambia programu iisome picha hiyo kama 25. Mwendo unashuka hadi asilimia 83 ya ule wa asili, fremu zote zinabaki, na kwa mandhari ya angani hakuna anayegundua. Picha yenye watu wanaotembea au bodaboda zinazopita haitafaa kupunguzwa hivyo. Hapo tumia ubadilishaji unaokisia fremu mpya, kisha ipitie fremu kwa fremu: tazama nguzo za umeme, matawi na spoku za magurudumu, ndiko picha hupindapinda. Ikipinda, kata fupi zaidi au tafuta picha nyingine.

Usibadilishe filamu nzima kuwa 24 kwa kuwa umesikia majukwaa ya Marekani yanataka 24. Majukwaa makubwa yanataka kasi ile uliyopigia, na 25 ni kasi halali kabisa. Sinema ni jambo jingine. Kifurushi cha DCP (faili la kuonyeshea sinema) kinakubali 25, ila mashine nyingine za zamani zinasoma 24 tu. Ukiishusha hadi 24, filamu inarefuka kwa asilimia 4: dakika 98 zinakuwa dakika 102 na sekunde 5. Sauti lazima inyooshwe pamoja nayo bila kuwa nzito, la sivyo waigizaji wote watasikika wamechoka. Uliza jumba la sinema kwanza, usikisie.

Manukuu yaliyochomwa: rudi kwenye mradi uyaondoe. Hakuna njia ya mkato. Faili lenye manukuu yaliyochomwa linakataliwa karibu kila mahali, kwa sababu jukwaa linataka kuweka lugha nyingine juu ya picha safi. Majina ya mwanzo na mwisho yanaweza kubaki, ila uandae kando picha zilezile bila maandishi: kichwa cha filamu, "Busia, alfajiri", ujumbe wa simu unaoonekana kwenye skrini, kila kitu.

Faili kuu kwa leseni ya kawaida ni ProRes 422 HQ (aina ya faili la video lenye ubora wa juu), rangi za Rec. 709 (kiwango cha rangi za HD). Pima kabla ya kupanga jinsi ya kulisafirisha. Kwa fremu 25, HD inatembea Mbps 184 hivi na UHD Mbps 737. Dakika 98 za HD ni kama GB 135, za UHD ni GB 542. Kwa intaneti inayopandisha Mbps 10 bila kusita, HD inachukua saa 30 na UHD siku 5. Bila kusita! Kwa hiyo uliza kwanza kama mnunuzi anahitaji UHD kweli, maana wanaonunua leseni wengi wanapokea HD. Tumia programu ya kupandisha inayoendelea pale ilipokatikia, weka ruta na kompyuta kwenye UPS, na toa namba ya uhakiki ya MD5 kabla ya kutuma. Wapokeaji wakiipata namba tofauti, faili limeharibika njiani na hakuna haja ya kubishana kuhusu ubora.

UHD ni 3840 kwa 2160. Kamera nyingi zinaandika 4096 kwa 2160 na zinaita 4K vilevile. Ukilazimisha moja iwe nyingine bila kukata pembeni, nyuso zinabanwa.

Yanayorudisha mafaili zaidi, kwa uzito wake: fremu nyeusi moja iliyosahaulika kati ya kata mbili, fremu iliyojirudia, nukta nyeupe isiyohama kwenye matukio ya giza (pikseli iliyokwama kwenye kihisi cha kamera), na taa zinazopepesa. Hili la mwisho mara nyingi lina chanzo kimoja. Umeme wetu ni hezi 50, kamera ikawekwa shata ya 1/60. Kwa fremu 25 shata iwe 1/50. Ikiwa mtu analazimika kupiga kwa 24, shata ya digrii 172.8 inatoa 1/50 ileile na mistari haitokei. Kama kupepesa kumeshaingia kwenye picha zenu kuna programu za kupunguza, lakini kwenye ukuta mweupe alama hubaki.

Kabla ya kutuma, itazame filamu nzima kutoka kwenye faili lilelile litakalotumwa, usitazame kutoka kwenye taimlaini, na atazame mtu ambaye hakuihariri.

---

sauti_na_manukuu

Fremu25 amesema yote ya picha. Kwenye sauti kuna mtego ambao watu wa stirio huingia wakikimbilia 5.1 (sauti ya chaneli sita, zikiwemo za nyuma).

Ukiambiwa leta 5.1, usichukue stirio yako na kuipitisha kwenye programu inayoipanua. Mkaguzi akisikiliza chaneli za nyuma atakuta mwangwi wa mazungumzo, atarudisha. Kwa leseni nyingi za filamu iliyokwisha tengenezwa, stirio nzuri inapokelewa. 5.1 ya kweli unaitengeneza ukiwa na mradi wa sauti uliogawanyika: mazungumzo kivyake, muziki kivyake, milio kivyake. Kama mlihifadhi hivyo, fundi atafanya kwa siku chache. Kama mna stirio iliyokwisha ungana tu, simamieni stirio.

Ukubwa wa sauti: Netflix wanataka wastani wa −27 LKFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) unaopimwa kwenye mazungumzo, kupungua au kuzidi kusivuke 2, na kilele kisivuke −2 dBTP (kipimo cha kilele cha sauti). Televisheni zinazofuata kanuni ya Ulaya zinataka −23 LUFS (kipimo kilekile kwa jina jingine) kwa programu nzima. YouTube inashusha chochote kilichozidi −14 na hainyanyui kilicho chini. Kosa la kawaida ni kuchanganya sauti kwa ajili ya simu, kuibana hadi −14, kisha kuishusha decibeli 13 na kuipeleka popote. Kipimo kitapita, lakini mnong'ono na mlipuko vitakuwa na nguvu moja, na hilo halirekebishiki. Changanya kwanza ile yenye nafasi, ya −27, kisha ya televisheni na ya YouTube zitokane nayo.

Kitu ninachokisihi zaidi, na ambacho filamu nyingi za hapa hazina: faili la sauti lenye muziki na milio bila mazungumzo. Bila hilo, hakuna anayeweza kuingiza sauti za Kiswahili kwa ajili ya Kenya na Tanzania. Na usidhani unalipata kwa kuzima mazungumzo tu. Maikrofoni ya seti ilinasa pia nyayo, nguo, kikombe kikitua mezani, mlango. Ukizima mazungumzo, hivyo vyote vinazimika na unabaki na mashimo. Jaribu leo: zima chaneli za mazungumzo utazame dakika 10. Kila pale mtu anapotembea bila mlio, panahitaji mlio mpya wa kurekodiwa. Kwa filamu yenye mazungumzo mengi ya ndani ya nyumba, hiyo ni kazi ya siku nyingi, iwekeni kwenye bajeti.

Manukuu sasa. Mstari mmoja usizidi herufi 42, mistari isizidi miwili. Kila nukuu ikae angalau sekunde 5/6 na isizidi 7. Msomaji mtu mzima anahesabiwa herufi 17 kwa sekunde, kwa hiyo sentensi inayokaa sekunde 3 isizidi herufi 51. Hapo ndipo mtafsiri anayetafsiri neno kwa neno anakwama: Kiganda kinasemwa kwa kasi, na tafsiri kamili haitoshi. Fupisha maana, usipunguze ukubwa wa maandishi.

Manukuu ya Kiswahili yatoke kwenye Kiganda moja kwa moja. Ukitafsiri kutoka kwenye yale ya Kiingereza, shemeji, mkwe na kaka wa ukoo wote wanarudi kuwa mtu mmoja, na mtazamaji wa Mombasa hataelewa kwa nini wanagombana. Pale Busia ambapo waigizaji wanasema Kiswahili chenyewe, manukuu ya Kiswahili yasiandike upya kwa usanifu kile kilichosemwa, yaandike kilichosemwa.

Hifadhini faili kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi), la sivyo herufi ŋ ya Kiganda itatoka kama kisanduku. Na mkitengeneza ile DCP ya 24, kumbukeni manukuu ya 25 hayaifai: kufikia mwisho wa filamu yatakuwa yametangulia picha kwa dakika 4 na sekunde 5. Yanyoosheni kwa uwiano uleule.

---

haki_kwanza

Nnyabo au ssebo (bibi au bwana), sijui ni yupi, ila kwa mkataba huo ulivyouandika, usitie saini.

Haki zote, dunia nzima, miaka 7, bila shilingi ya awali: maana yake wakala hana hasara yoyote akiiacha filamu kabatini. Gawanya. Kila mkataba utaje njia (usajili wa mwezi, kulipia filamu mojamoja, bure kwa matangazo, televisheni ya kulipia, televisheni ya bure, sinema, ndege), nchi, lugha, muda, na kama ni haki ya kipekee. Ambacho hakikutajwa kibaki kwako, na sentensi hiyo iandikwe waziwazi. Miaka 2 inatosha kumjaribu wakala mpya. Weka na kifungu kwamba asipoifikisha filamu kwenye jukwaa alilolitaja kwa jina ndani ya miezi 6, haki zinarudi zenyewe bila barua ya kuomba.

Kisha gharama. Tuseme leseni imeuzwa dola 4,000. Wakala anachukua asilimia 25, yaani 1,000. Anakata "gharama za uwasilishaji" 1,500. Wewe unabaki na 1,500. Mauzo yanayofuata, gharama nyingine. Bila kikomo kilichoandikwa kwa tarakimu, hisabati hiyo haina mwisho. Weka kikomo cha gharama kwa mkataba mzima, zitolewe mara moja tu, kwa risiti. Taarifa ya mapato kila miezi 3, na haki yako ya kukagua vitabu vyake.

Dai takwimu za watazamaji pia. Msidhani hilo ni jambo la wenye nguvu tu. Mgomo wa waandishi wa Hollywood wa 2023, siku 148, ulihusu kwa sehemu kubwa hilohilo: jukwaa linajua nani ametazama, aliyeandika hajui. Walichopata ni nyongeza ya malipo pale kazi inapotazamwa na asilimia 20 au zaidi ya wasajili wa ndani ya Marekani katika siku 90 za mwanzo. Wewe hutapata nyongeza hiyo, lakini hesabu ya watazamaji kwa kila nchi ndiyo itakayokuwezesha kudai bei kwenye leseni ya pili.

Televisheni: soma kifungu cha "kutazama baadaye". Vituo vingi vinaomba haki ya kurusha hewani pamoja na kuiweka kwenye programu yao ya simu. Ukiitoa hiyo, tayari umeuza haki ya mtandaoni, na jukwaa litakalotaka upekee halitakuchukua. Ikilazimika, iwe siku 7 baada ya kurushwa, ndani ya Uganda tu.

Hati. Hakuna jukwaa litakalolipa bila mlolongo kamili wa umiliki: mkataba wa mwandishi, wa mwongozaji, wa kila mwigizaji anayesema neno, wa mtunzi wa muziki, ruhusa za mahali. Hakimiliki nchini kwetu inazaliwa kazi inapotengenezwa, chini ya sheria ya 2006, lakini isajilini URSB (ofisi ya usajili ya serikali), maana mnunuzi wa mbali anaelewa cheti haraka kuliko maelezo. Angalieni mikataba ya waigizaji: ikiwa imeandikwa "televisheni na DVD", mtandao haumo. Watafuteni wasaini nyongeza sasa, kabla filamu haijapata jina na bei haijapanda.

Muziki ndio unaoua mikataba mingi. Wimbo unaosikika redioni nyuma ya tukio la Busia unahitaji ruhusa mbili: ya aliyetunga na ya anayemiliki rekodi. Na muulizeni mtunzi wenu midundo imetoka wapi. Midundo mingi hukodishwa mtandaoni kwa leseni yenye kikomo cha idadi ya kusikilizwa, isiyo ya kipekee, na mara nyingi haijumuishi filamu. Msanii anasaini kwa nia njema kuwa wimbo ni wake, kumbe ni sauti yake tu iliyo yake. YouTube itaukamata mdundo huo siku ya kwanza na mapato yatakwenda kwa mwingine.

Kodi, kwa ufupi. Mkiiweka YouTube, jazeni fomu ya kodi ya Marekani. Uganda haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo asilimia 30 inakatwa kwenye mapato ya watazamaji wa Marekani pekee. Mtu binafsi asiyejaza anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato ya dunia nzima.

---

mtayarishaji_bukoto

Asanteni sana, nimeandika kila kitu. Mawili yamebaki. Vibanda: niwanyime kabisa mpaka mtandaoni iishe? Na kuna vijei (msimulizi anayetafsiri filamu kwa sauti kibandani) anataka kuitafsiri. Filamu yenyewe ni ya Kiganda, sielewi atatafsiri nini.

---

soko_la_picha

Usiwanyime. Ukiwanyima wataipata kwenye flashi, na utakuwa umepoteza fedha na urafiki. Wape tarehe yao, baada ya wiki za sinema na kabla ya televisheni, kwa ada ya kudumu inayolipwa kabla ya onyesho. Mtu wako aende na laptopu, aonyeshe, aondoke nayo. Ukilazimika kuacha nakala, iwe ya 720p, na kila kibanda kipewe nakala yenye alama yake: tarakimu tatu ndogo, sekunde 2, mahali patatu ndani ya filamu ambapo wewe peke yako unapajua. Nakala ikivuja unafungua, unasoma tarakimu, unajua mlango ulioachwa wazi. Tofauti na haki_kwanza, mimi hata sisubiri mkataba mrefu hapa. Ukurasa mmoja wenye tarehe, ada na marufuku ya kunakili unatosha, mradi usainiwe na mwenye kibanda mwenyewe na si kijana wa mashine.

---

haki_kwanza

Nakubali ukurasa mmoja. Ongeza namba ya alama ya nakala ndani ya ukurasa huo, iwe ushahidi.

---

sauti_na_manukuu

Kuhusu vijei: kwa Kampala na Masaka huna haja naye. Lakini vijei anayezungumza Runyankole au Kiswahili vizuri anaweza kukufungulia Mbarara au mpakani, na watazamaji wa vibanda wanamwamini kuliko bango lako. Mfanye awe wa mkataba. Arekodi studio, juu ya lile faili la muziki na milio bila mazungumzo, asirekodi juu ya sauti kamili. Ndiyo maana nilisihi litengenezwe. Muziki ukishuka decibeli 6 pale anaposema na kurudi anaponyamaza, inasikika kama toleo lililokusudiwa. Mkataba wake useme toleo ni mali ya mtayarishaji, yeye analipwa ada pamoja na sehemu ya mapato ya vibanda vya eneo hilo, na haruhusiwi kuliweka mtandaoni. Sauti yake iwe kwenye faili la pekee, dakika 98 kamili, ianze fremu ileile na picha. Akitoa kipande kisicho na mwanzo sawa, kila marekebisho ya baadaye yataanza kwa kutafuta mdomo ulipo.

---

fremu25

Kwa mpangilio wa kazi: anza na mradi bila manukuu na droni zilizorekebishwa, funga picha, kisha ndipo sauti na manukuu vianze. Ukigusa kata moja baada ya hapo, matoleo yote yanahama. Na mradi wenyewe usifutwe baada ya kuwasilisha. Weka nakala tatu, hadidiski mbili za aina tofauti na moja nje ya ofisi, kwa muda wote wa leseni, maana jukwaa linaweza kuomba faili upya mwaka wa pili.